Alama za Kijapani Katika Kazi ya Kufuma Vitambaa

Mtu ashikaye njia ya Sangasanga kwenda Mgeta hupita Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Akikaribishwa nyumbani kwa watu, pale au mahali pengine pengi katika Tanzania, huenda akaona kitambaa kilichofumwa kwa mkono kimetandikwa mezani, na vingine vimewekwa juu ya viti. Kazi hiyo hufanywa kwa sindano moja fupi yenye ncha ya kulabu, iitwayo kroshia. Wako wadhanio kuwa ni kazi ya kupitisha wakati tu. Sivyo. Kitambaa kizuri huuzwa, na fedha yake hununua madaftari ya watoto na mafuta ya taa. Kwa hiyo yafaa walimu na wakubwa wa vijiji waifahamu, hata kama mikono yao haijapata kuishika sindano hiyo.

Mafundi wetu wengi wamejifunza kwa kutazama: mama humwonyesha binti, na jirani humwonyesha jirani. Njia hii ni njema, lakini ina mpaka wake, maana mtu hufuma yale tu aliyokwisha kuyaona. Atakaye mfano mpya hutafuta kitabu, au picha katika simu, na huko hukutana na michoro ya Kijapani, ambayo imeenea sana duniani. Hapo ndipo taabu huanza. Wengine hukifunga kitabu. Wengine hubahatisha, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu uzi hununuliwa, na harusi ina siku yake. Fundi aliyepokea arbuni, kisha akaona siku mbili kabla ya harusi kwamba kitambaa kimejikunja kama jani la tumbaku lililokauka, hupoteza uzi, na siku zake, na sifa yake. Basi na tueleze alama hizo, maana si ngumu kama zionekanavyo.

Kwanza yapasa kujua kwa nini Wajapani huchora badala ya kuandika maneno mengi. Maneno hupoteza. Kufuma kule ambako Mmarekani hukuita krosheti ya singo, Mwingereza hukuita krosheti ya dabo. Na ile ambayo Mmarekani huiita dabo, Mwingereza huiita trebo. Mtu akisoma kitabu cha Kiingereza bila ya kujua kilitoka nchi gani, aweza kufuma kitambaa kizima kwa kimo kisichokuwa chake. Lakini alama iliyochorwa haina kabila. Wajapani wameziweka alama hizi katika kanuni za viwanda vyao, ziitwazo JIS, chini ya namba L 0201, ambayo ina toleo la mwaka 1995. Kwa hiyo ajuaye alama za kitabu kimoja cha Japani, aweza kukisoma na kingine.

Sasa tuzitazame alama zenyewe. Katika majina yake, neno “ami” maana yake ni kufuma.

Duara dogo refu kama punje ya mpunga, lililo tupu ndani, ni kusari-ami. Kusari ni mnyororo, na ndio msingi wa kazi yote. Nukta nyeusi ni hikinuki-ami, yaani kuvuta uzi na kuupitisha moja kwa moja; hutumika kuunganisha mwisho wa mzunguko na mwanzo wake. Alama ya msalaba uliolala, kama ile ya kuzidisha katika hesabu, ni koma-ami, ufumaji mfupi na wa kubana.

Kisha huja alama zilizo kama herufi T, na hizi tutaziita nguzo. T isiyo na mkato ni chunaga-ami, nguzo ya kati. T yenye mkato mmoja katikati ni naga-ami, nguzo ndefu. T yenye mikato miwili ni naganaga-ami, na hapa msomaji wa Kiswahili atafurahi, maana Mjapani amelirudia neno “refu” mara mbili, kama sisi tusemavyo “polepole” au “mbalimbali”.

Mikato hiyo si pambo. Katika nguzo ndefu, hesabu ya mikato ndiyo hesabu ya kuuzungusha uzi juu ya sindano kabla ya kuichoma: mkato mmoja, mara moja, mikato miwili, mara mbili. Kisha vitanzi vilivyo juu ya sindano huondolewa viwili viwili. Nguzo ya kati peke yake hutoka katika sheria hii: uzi huzungushwa mara moja, lakini vitanzi vyote vitatu huondolewa kwa mvuto mmoja, na ndiyo sababu haikupewa mkato.

Yako na maneno machache yaandikwayo kando ya mchoro. 目, herufi iliyo kama sanduku lililosimama lenye vyumba vitatu, husomwa “me”. Maana yake ni jicho, na hapa ni kitanzi kimoja. 段 husomwa “dan”, ni ngazi, yaani mstari mmoja wa kazi. わ husomwa “wa”, ni pete: huandikwa katikati ya kitambaa cha mviringo, na fundi huzungusha uzi kidoleni kufanya pete, hufuma ndani yake, kisha huvuta ncha mpaka tundu lifungike. Pembetatu nyeupe ni mahali pa kuunga uzi; pembetatu nyeusi ni mahali pa kuukata. Tarakimu nyingi ni hizi hizi tuzitumiazo sisi.

Neno moja lapasa kushikwa sana: tachiagari, yaani kuinuka. Kabla ya kuanza ngazi mpya, hufumwa minyororo michache iliyosimama ili kufikia kimo cha ngazi hiyo: mmoja kwa koma-ami, miwili kwa nguzo ya kati, mitatu kwa naga-ami, minne kwa naganaga-ami. Katika nguzo, minyororo hiyo huhesabiwa kuwa nguzo ya kwanza. Katika koma-ami, kwa desturi haihesabiwi. Asiyejua hili huzidisha au hupunguza kitanzi kimoja katika kila ngazi, na kitambaa huenda upande.

Minyororo hiyo pia huonyesha njia ya kusoma. Katika kazi ya mraba, ikiwa imesimama kulia, soma ngazi hiyo kutoka kulia kwenda kushoto; ikiwa kushoto, soma kutoka kushoto kwenda kulia. Katika kazi ya mviringo, anza katikati ukitoka nje, ukizunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa.

Sasa tumefika penye kosa lililo kubwa kuliko yote, nalo ni nyayo za nguzo. Nguzo mbili zikikutana chini kama herufi V, maana yake ni kwamba zote mbili hutoka mahali pamoja, na kazi hupanuka. Zikikutana juu, maana yake zimefungwa pamoja, na kazi hupungua. Lakini tazama vizuri: nyayo zikiwa zimegusana, choma sindano ndani ya kitanzi chenyewe. Nyayo zikiwa zimeachana kidogo, usichome kitanzi. Pitisha sindano katika uwazi ulio chini ya mnyororo, uukumbatie mnyororo mzima. Tofauti hii katika mchoro ni ndogo kama unywele, lakini katika kitambaa ndiyo ibadilishayo umbo la matundu na mahali yakaapo.

Tutoe mfano. Tuseme mchoro una わ katikati. Ngazi ya kwanza ina minyororo mitatu ya kuinuka na nguzo ndefu 11: hizo ni 12, maana minyororo ile ni nguzo moja. Ngazi ya pili ina nguzo 12, na baada ya kila moja mnyororo mmoja: basi kuna nafasi 12. Ngazi ya tatu inaonyesha nguzo mbili mbili zenye nyayo zilizoachana, juu ya kila nafasi: zitakuwa 24. Fundi ahesabu mwishoni mwa kila ngazi. Akipata 23, afumue hapo hapo. Kufumua ngazi moja ni kazi ya dakika chache, bali kufumua ngazi kumi ni kilio.

Mwisho, sindano. Wajapani huzitia namba zao wenyewe: 2/0 ina unene wa milimita 2, 5/0 ni milimita 3, na 8/0 ni milimita 5. Katika hizo, namba ikizidi, unene huzidi. Lakini sindano za nyuzi nyembamba za lesi huhesabiwa kinyume: namba 0 ni milimita 1.75, namba 4 ni 1.25, na namba 8 ni 0.90. Basi aendaye dukani Morogoro na aulize milimita, asiulize namba, asije akarudi na sindano isiyofaa.

Mwalimu aweza kuzichora alama hizi ubaoni katika saa moja, na wanafunzi wakazinakili katika daftari zao. Msichana azijuaye hahitaji kujua Kijapani, wala hahitaji kungoja mtu wa kumwonyesha. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Kitambaa tukisifucho mezani nacho kimehesabiwa, kitanzi kwa kitanzi, na ajuaye kuhesabu hatapoteza uzi wake wala arbuni ya watu.