Kisukari kinapopanda begani

Mama mwenye kisukari huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, mara nyingi huanza kulijua tatizo la bega asubuhi, anapovaa. Anazungusha kikwembe kiunoni, mkono mmoja unakataa kwenda nyuma. Sidiria inakuwa kazi ya kuitiwa binti. Kumfunga mjukuu mgongoni ndiyo kabisa. Usiku akilalia upande ule, maumivu yanamwamsha.

Majirani hawakosi sababu: ni mizigo, ni baridi ya ziwa, ni uzee, au kuna mtu amemfanyia. Mizigo ni kweli ipo. Mji umekaa juu ya milima, na wanawake hupandisha magunia kuelekea mtaa wa Kadutu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Lakini kwa mwenye kisukari, mshukiwa wa kwanza ni sukari yenyewe. Bega lililoganda, kama alivyoliita daktari Mmarekani Ernest Codman mwaka 1934, huwapata watu kama 2 hadi 5 katika kila 100. Kwa wenye kisukari hesabu hupanda hadi 10, hata 20. Wengi wa wanaopatwa na bega hili wana umri wa miaka 40 hadi 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, hujigandisha kwenye kolajeni, zile nyuzi zinazoshika viungo. Mfuko unaozunguka kiungo cha bega unakuwa mnene, unasinyaa na kukakamaa, kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani. Vidole navyo huweza kuguswa: kuna wenye kisukari ambao wakikutanisha viganja kama wanaosali, viganja havigusani sawasawa.

Bega lenyewe linapimika bila mashine. Bana kiwiko ubavuni, kikunje, kisha peleka kiganja nje. Bega likiwa limeganda, mkono unaishia njiani, na hata mwingine akikusaidia kuusukuma hauendi. Hapo ndipo linapotofautiana na msuli uliochanika, ambao mara nyingi mtu mwingine anaweza kukuinulia mkono. Picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi kitu, na mgonjwa anaambiwa hana shida.

Shida anayo, tena ya muda mrefu. Kwanza maumivu kwa miezi, halafu maumivu yanapungua huku mkono ukibaki mgumu, mwisho unaanza kulegea polepole. Safari yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa mwenye kisukari huwa ndefu zaidi. Bega la pili nalo linaweza kufuata.

Anayevutwa mkono kwa nguvu na mkandaji wakati wa maumivu makali anaumizwa bure. Kine, yaani mtaalamu wa viungo, atamfundisha taratibu: kuinama na kuuacha mkono uning'inie ukibembea, kupandisha vidole ukutani, kila siku, bila kishindo. Sindano ya kotizoni hutuliza maumivu, ila hupandisha sukari kwa siku kadhaa; anayedungwa aseme mapema kwamba ana kisukari, na apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo. Diklofenaki ya kujinunulia kila wiki ni hatari kwa figo ambazo kisukari tayari kinazisumbua.

Najua ni rahisi kuandika haya. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, mabenki yalifungwa na pesa mkononi zikaadimika, na mtu anayehesabu faranga za dawa ya sukari hataweka bega mbele. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, naye hawezi kuupumzisha mkono miezi sita. Hata hivyo kubembeza mkono nyumbani hakuna ada.

Nawaomba waganga wa vituo vya afya jambo moja: akija mtu wa makamo mwenye bega lisilopanda, na hajawahi kupimwa sukari, mpimeni siku hiyohiyo.