Fahamu: Kupandikiza mbegu si IVF
Agosti 2024 Gwen, mke wa Tim Walz, wakati huo gavana wa jimbo la Minnesota, Marekani, alifafanua kwamba walipata mtoto kwa kupandikizwa mbegu, si kwa IVF. Wengi huchanganya, wanasiasa wakiwemo.

Kwenye IVF yai hutolewa likarutubishwe maabara. Katika kupandikiza mbegu yai halitoki: mbegu za mume husafishwa, kisha hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi ndani ya mji wa mimba wakati yai linapopevuka. Ni nafuu zaidi, ila angalau mrija mmoja wa uzazi uwe wazi, na mara nyingi jaribio la kwanza halishiki.

Mmetafuta mtoto mwaka mzima, au miezi 6 ikiwa mke amefikisha miaka 35? Nendeni hospitali wote wawili. Mume naye apimwe.