Utamsubiri Mpaka Lini? Somo la Pavarotti na Adua

Hebu tuongee ukweli. Mwenzako ana kipaji, ana ndoto, lakini mfukoni hana kitu. Utamsubiri mpaka lini?

Swali hili aliniletea rafiki yangu kwa simu, usiku wa manane. Mchumba wake aliacha kazi ya maana akaingia kwenye muziki. Huu ni mwaka wa tatu, na kodi ya nyumba analipa rafiki yangu peke yake. "Shosti, nikae au nisepe?" Jibu la haraka sikuwa nalo. Nikamsimulia habari za mtoto wa mwoka mikate.

Jina lake ni Luciano Pavarotti. Kama hulijui, muulize baba au mjomba aliyeangalia Kombe la Dunia la 1990 kule Italia, lile la Roger Milla kukata kiuno kwenye kibendera cha kona. Wimbo wa opera uliovuma na michuano ile, 'Nessun dorma', ulikuwa kwa sauti yake. Siku moja kabla ya fainali alipanda jukwaani Roma na wenzake Plácido Domingo na José Carreras. Wote watatu ni teno, sauti ya juu ya kiume ambayo wanakwaya wetu huiita sauti ya tatu. Na opera siyo mchezo: unaigiza huku unaimba, na sauti yako lazima ivuke okestra nzima bila kipaza sauti.

Mkataba wa nyumbani

Pavarotti alizaliwa Modena mwaka 1935. Mama yake, Adele, alifanya kazi kiwanda cha sigara. Baba yake, Fernando, alioka mikate na alikuwa na sauti nzuri ya teno, ila kuimba kwake kuliishia kwenye kwaya. Mwaka 1955 baba na mwana walikwenda Wales na kwaya yao, wakashinda mashindano ya Llangollen. Kijana akarudi kichwa kimejaa muziki.

Mama alitaka awe mwalimu. Baba aliogopa, maana alijua uimbaji haulishi kila mtu. Mwisho wakakubaliana hivi: atapata chakula na pa kulala mpaka afikishe miaka 30. Asipotoka hapo, atafute riziki nyingine.

Naye hakukaa kijiweni. Alifundisha shule ya msingi, kisha akauza bima. Mwalimu wake wa kwanza wa sauti, Arrigo Pola, alimfundisha bure. Muda wote huo alikuwa na mchumba, Adua Veroni, binti wa hapohapo Modena. Uchumba ulikwenda miaka kadhaa, maana pesa ya ndoa haikuwepo.

Siku aliyokata tamaa

Baada ya miaka kama sita ya mazoezi, alichoambulia ni maonyesho machache ya miji midogo, tena bila malipo. Kikaja kinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaimba vibaya sana mjini Ferrara, na akaamua basi, anaacha. Ajabu ni kwamba alipokwisha kuamua kuacha, kinundu kikapotea na sauti ikarudi nzuri kuliko mwanzo. Mwenyewe aliamini kwamba presha ya moyoni ilikuwa imemtoka.

Tarehe 29 Aprili 1961, akiwa na miaka 25, aliimba opera yake ya kwanza, 'La Bohème', mjini Reggio Emilia. Aliigiza Rodolfo, mshairi kapuku mwenye mapenzi tele kwenye chumba chenye baridi. Unafikiri alihitaji kufundishwa nafasi hiyo? Mwaka huohuo akamuoa Adua.

Bado aliendelea kusoma. Mwaka 1965, katika ziara ya Australia, alikuwa akiweka mikono kwenye mbavu za mwimbaji Joan Sutherland ili ajue anavyovuta pumzi. Mwaka 1972 New York ikasimama: katika wimbo mmoja alipiga ile noti ya juu kabisa, Do ya kifua, mara tisa, bila kuyumba.

Upande wa pili

Sasa shosti, usianze kushangilia. Umaarufu ulikuja na yake. Mwaka 1989 jumba la opera la Chicago lilikatisha uhusiano naye, kwa sababu kati ya maonyesho 41 aliyopangiwa alikuwa amefuta 26. Na Adua, mama wa binti zake watatu, miaka ya 1990 aliona kwenye magazeti picha za mumewe na msaidizi wake, Nicoletta Mantovani. Ndoa ya zaidi ya miaka 30 ikavunjika. Pavarotti akamuoa Nicoletta Desemba 2003, na tarehe 6 Septemba 2007 akafariki Modena kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 71.

Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu mambo mawili. La kwanza, ndoto iwe na tarehe, mtaje wote wawili mkiwa mmekaa, siyo kwenye ugomvi. Na huyo mwenye ndoto aingize chochote ndani wakati anasubiri, hata kwa kuuza bima. La pili linauma: kumsubiri mtu siyo kumkopesha. Adua alisubiri, na subira yake haikumlindia ndoa. Kama unakaa, kaa kwa sababu ya huyo mtu unayemwona leo, maana huyo staa wa kesho humjui.

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Wiki iliyofuata akaniambia wamekaa, wamepanga tarehe. Ni lini? Hiyo siwaambii, ni yao wawili.

Wewe na wako je, mmeshataja yenu?