Mpinzani Wako Ndiye Karani Wako

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona habari za gofu katika gazeti letu. Sisi tumezoea mpira wa miguu na mpira wa kikapu, na mtoto wa Buyenzi aliyepata kushika fimbo ya gofu ni nadra kama mvua ya mwezi wa Julai. Hata hivyo mimi niliujua mchezo huo tangu utoto wangu, si kwa kuucheza bali kwa kuubeba. Siku za likizo nilikuwa nikienda kwenye uwanja wa gofu wa mji wetu wa Bujumbura, kuwachukulia mabwana mikoba ya fimbo zao, ili nipate fedha za madaftari. Huko nilijifunza jambo moja ambalo sijalisahau hata leo, nami nataka kuwaeleza.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kuna mashimo 18 katika uwanja mpana wa nyasi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo la kwanza, kisha huendelea na la pili, na kadhalika mpaka la mwisho. Aliyetumia mapigo machache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa kwa kawaida huchukua siku 4, yaani mashimo 72 kwa jumla.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Katika mpira wa miguu yuko mwamuzi mwenye kipenga, naye humkimbilia kila mkosaji. Katika gofu hakuna mwamuzi anayemfuata kila mchezaji hatua kwa hatua. Mmoja yuko bondeni, mwingine yuko nyuma ya miti, na mpira umejificha majanini. Nani atahesabu mapigo? Wanahesabiana wenyewe. Kabla ya kuanza hubadilishana kadi: wewe waandika mapigo yangu, nami naandika yako. Mwisho kila mmoja huitazama kadi yake, huikubali na kutia sahihi. Kwa maneno mengine, mtu yule yule anayetaka kukushinda ndiye karani wako, nawe ndiwe karani wake.

Basi siku moja nilikuwa nikimchukulia mkoba bwana mmoja mfanyabiashara. Alikuwa akishindana na bwana mwingine, ofisa, na watu wote wa pale walijua kuwa hao wawili hawapendi kushindwa, hasa kila mmoja na mwenziwe. Walikuwa wamewekeana dau. Walipofika karibu na mwisho walikuwa sawa kabisa. Bwana wangu akapiga mpira, ukaenda upande, ukazama katika majani marefu nyuma ya shina la mti. Mimi nilitangulia mbio kuutafuta. Niliuona, na nikaona pia kwamba kutoka pale hauwezi kupigika. Nikatazama nyuma. Hakuna mtu aliyekuwa akinitazama. Nikausogeza kwa vidole vya mguu, hatua moja tu, mpaka mahali peupe.

Bwana wangu alifika, akautazama mpira, akanitazama mimi, kisha akapiga. Hakusema neno. Kwenye shimo yule ofisa alitoa kalamu akamwuliza, "Mangapi?" Bwana wangu akajibu, "Manne." Yule ofisa akaandika 4, hakuinua hata macho. Siku ile nilipewa bakshishi mara mbili ya kawaida. Nilinunua madaftari na kalamu ya wino, lakini kila nilipoishika kalamu ile nilimwona yule ofisa akiandika bila kuinua macho. Hakunishuku mimi wala mpinzani wake. Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimeiba, na niliyemwibia ni mtu aliyeniamini.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila habari ya wachezaji wakubwa wa gofu niliyoipata, nikitafuta jibu la swali moja: yule tunayemwona picha yake magazetini, akitabasamu na kombe mkononi, ndiye yule yule aliye peke yake majanini na mpira wake?

Tuanze na upinzani, maana ndio unaowapendeza watu. Katika mwaka 1962 kulikuwa na mashindano makubwa ya Marekani katika uwanja wa Oakmont, karibu na mji wa Pittsburgh. Arnold Palmer alikuwa mtoto wa jirani pale, baba yake akiwa mtunza uwanja wa gofu, na watu walimpenda mno. Aliyemfikia kwa mapigo ni kijana wa miaka 22, Jack Nicklaus, mnene, mwenye nywele fupi, asiyecheka ovyo. Ilibidi wacheze siku moja zaidi ili apatikane mshindi. Watazamaji walimzomea Nicklaus na kuucheka unene wake. Kijana hakujibu. Alicheza tu, akashinda kwa mapigo 71 dhidi ya 74 ya Palmer. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza tangu aanze kucheza kwa malipo.

Hapa ndipo inapoingia sura ya hadharani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika michezo ya kulipwa hata chema hutafutiwa dalali. Mwanasheria mmoja aitwaye Mark McCormack alichukua kazi ya kuwauzia Palmer, Nicklaus na Gary Player wa Afrika Kusini majina yao: kwa matangazo ya biashara, kwa televisheni, kwa mavazi. Wakaitwa Wakubwa Watatu. Palmer aliuzwa kama mtu wa watu, Nicklaus kama mtu wa baridi. Baada ya miaka kadhaa Nicklaus alipunguza unene, akaacha nywele zikue, na watu wale wale waliomzomea wakaanza kumshangilia. Mkono uliopiga mpira ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni umbo lake na macho ya watu.

Wala msidhani kwamba upinzani wa hao wawili ulikuwa chuki. Walishindana kwa miaka mingi, na katika uzee wao walisimama pamoja na Player kule Augusta wakipiga mipira ya kufungua mashindano. Linganisheni na ule uliotengenezwa kwa fedha. Mwezi wa Novemba 2018 Tiger Woods na Phil Mickelson, waliokuwa wapinzani kwa miaka mingi, waliwekwa kucheza wawili peke yao kule Las Vegas, na mshindi apate dola milioni 9. Mickelson alishinda baada ya mashimo 22. Fedha zilikuwa nyingi, lakini wengi waliotazama walisema mchezo haukuwa na ladha. Upinzani ni kama moto wa jikoni: huwezi kuuchora ukutani ukapika chakula.

Tuje katika Afrika yetu. Kule Durban alikuwako Mhindi mmoja, Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa. Alianza kama mimi, kwa kuchukua mikoba ya wengine. Alishika fimbo kinyume cha watu wote, mkono wa kushoto ukiwa chini ya ule wa kulia, na waalimu wa gofu wangemwambia kwamba haiwezekani. Kwa mikono hiyo alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal. Kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia katika nyumba ya klabu, alipewa kombe lake nje, huku mvua ikinyesha. Picha yake ilienea duniani. Mwaka 1965 alishinda tena huko Natal, na safari hii aliyemshinda ni Gary Player mwenyewe, mmoja wa wale Wakubwa Watatu. Baadaye serikali ilimfungia milango ya mashindano, akafa maskini mwaka 1978.

Na Player je? Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alijitangaza kuwa upande wa serikali ya ubaguzi. Mwaka 1969, katika mashindano makubwa ya Marekani huko Dayton, waliopinga ubaguzi walimfanyia fujo uwanjani. Lakini mwaka 1971 yeye ndiye aliyemwalika Lee Elder, Mmarekani mweusi, kwenda kucheza Afrika Kusini, na baadaye aliyakana maneno yake ya zamani. Siandiki haya ili tumhukumu. Naandika ili tuone kwamba kadi ya mapigo haionyeshi kila kitu. Siku ile ya Natal kadi ilisema Sewgolum ameshinda, na kadi ilisema kweli. Lakini nchi nzima ilikuwa imekataa kutia sahihi.

Karibu zaidi nasi ni mashindano ya wazi ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1967. Mwaka 1978 yalishindwa na kijana wa Hispania, Severiano Ballesteros, ambaye naye aliwahi kuchukua mikoba. Alijifunza kwa fimbo moja tu ya chuma, akipiga mipira katika mchanga wa pwani ya kijiji chao. Mwaka uliofuata alishinda mashindano makuu ya Uingereza. Wachukuzi wa mikoba, msikate tamaa!

Sasa nifikie lililo kubwa zaidi, yaani ukweli wa mtu mwenyewe. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani huko Worcester, Bobby Jones alikuwa akijiandaa kupiga mpira uliokuwa majanini, nao ukatikisika. Hakuna mwingine aliyeuona. Alijihesabia pigo moja la adhabu, ingawa wasimamizi hawakuwa na ushahidi wowote. Mwisho wa mashindano alikuwa sawa na Willie Macfarlane, wakarudia, na Jones akashindwa. Bila pigo lile moja angekuwa bingwa. Watu walipomsifu alikataa sifa, akisema kwamba ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoiba benki.

Mwingine ni Roberto De Vicenzo wa Argentina. Tarehe 14 Aprili 1968, siku aliyotimiza miaka 45, alicheza vizuri ajabu huko Augusta, akamaliza kwa mapigo 65. Lakini karani wake, mchezaji mwenziwe Tommy Aaron, alikuwa ameandika 4 badala ya 3 katika shimo la 17. De Vicenzo hakuangalia, akatia sahihi. Kwa sheria hesabu iliyotiwa sahihi ndiyo inayosimama, ikawa 66, naye akakosa kurudiana na Bob Goalby kwa ajili ya ubingwa. Je, alimlaumu karani? La. Alijilaumu mwenyewe, akasema kwamba ni upumbavu wake. Alipoteza ubingwa, lakini mpaka leo watu wanamtaja kwa heshima.

Mtasema: hao ni watu wa mbali. Basi nitawatajia wa kwetu, ingawa si wa gofu. Mwaka 1988 na 1992 Burundi ilikuwa bado haijaingia katika michezo ya Olimpiki, na mkimbiaji wetu Dieudonné Kwizera alipitwa na miaka yake mizuri bila kupata nafasi. Mwaka 1996 tulikwenda Atlanta kwa mara ya kwanza. Vénuste Niyongabo alikuwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa dunia katika mita 1500, tena mwaka 1995 alikuwa amepata nishani ya shaba katika mbio hizo. Alimwachia Kwizera nafasi yake, akaenda kukimbia mita 5000, mbio alizokuwa amezikimbia mara chache tu. Nyumbani vita vilikuwa vikiendelea, na siku chache kabla serikali ilikuwa imepinduliwa. Tarehe 3 Agosti Niyongabo alishinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96, akimwacha Paul Bitok wa Kenya nyuma kidogo sana. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Burundi. Hakumpa Kwizera nafasi ile ili apigwe picha. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mwisho wake ungekuwa dhahabu. Alimpa kwa sababu aliona ni haki yake.

Jibu la swali langu, basi, nadhani ni hili. Sura ya hadharani si uongo kwa lazima, ila ni nguo. Upinzani nao si dhambi; bila mpinzani hakuna mtu anayejua kipimo chake. Lakini mtu mwenyewe hujulikana pale ambapo hakuna anayemtazama isipokuwa yeye, na mpinzani wake anasubiri na kalamu.

Ninyi wanafunzi mko katika mashindano kila siku. Mnasahihishiana majaribio, mnapanga nani wa kwanza na nani wa pili. Kila mnapobadilishana karatasi, kumbukeni kwamba mwenzako amekukabidhi hesabu yake. Nanyi wenzangu mliokwisha maliza shule, mlio katika ofisi na maduka, mwajua kwamba kadi zetu sasa ni kubwa zaidi.

Yule ofisa alihama mji kabla sijapata ushujaa wa kumwambia. Kila nipitapo karibu na uwanja ule jioni, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, namsikia akiuliza, "Mangapi?" Yalikuwa matano, bwana. Tafadhali andika matano.