Sukari isiyo na rangi hupimwaje kwa mwanga?

Saa na pete zinazodaiwa kupima sukari ya damu bila kumtoboa mtu zimekuwa zikitangazwa na kuuzwa mtandaoni. Zoezi moja la maabara, ambalo wanafunzi wa kemia hulifanya katika miaka yao ya mwanzo ya chuo kikuu, linaonyesha kwa nini madai hayo hayana budi kutiliwa shaka.

Tarehe 21 Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa wagonjwa na wauguzi wao. Ilieleza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Hatari iliyotajwa ni bayana: mgonjwa wa kisukari akikiamini kipimo cha uongo, anaweza kujidunga insulini kupita kiasi, na katika muda wa saa chache akachanganyikiwa, akazimia au hata kufariki dunia.

Jambo hili linaugusa ukanda wetu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 wanaishi na kisukari katika kanda yake ya Afrika, inayohusu nchi zilizo kusini mwa Sahara, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajijui. Mahali ambapo kituo cha afya kiko mbali, kifaa kinachoahidi majibu bila damu wala maumivu hupata wanunuzi kwa urahisi.

Je, mwanga unaweza kweli kupima sukari? Unaweza, na hospitali nyingi duniani huutumia kila siku. Lakini una masharti yake.

Kutoka "imo" hadi "imo kiasi gani"

Waliosoma baiolojia katika shule za sekondari za Kenya, Uganda au Tanzania watakumbuka kipimo cha Benedict. Mwanafunzi huchukua myeyusho wa buluu wenye shaba, huuchanganya na maji ya chakula kinachochunguzwa, kisha huupasha moto. Iwapo mna glukosi, buluu hugeuka kijani, kisha njano, rangi ya chungwa, na mwisho wekundu wa tofali.

Kipimo hicho, kilichobuniwa na mkemia Mmarekani Stanley Benedict mwanzoni mwa karne ya 20, hujibu vyema swali la kama sukari imo au haimo. Kwa swali la imo kiasi gani, jicho la mwanadamu halitoshi. Wanafunzi wawili wakiutazama mrija mmoja, mmoja ataiita rangi ile njano na mwenziwe ataiita ya chungwa. Na kwa daktari, kiasi ndicho kinachoamua kila kitu. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu usiku huwa na sukari iliyo chini ya milimoli 5.6 katika kila lita ya plazma. Akifika milimoli 7.0, yaani miligramu 126 kwa desilita, amefikia kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, WHO, hukitumia kutambua kisukari. Kati ya namba hizo mbili pana nafasi ndogo sana.

Udogo wake unaonekana zaidi tukihesabu kwa uzito. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu, na glukosi yote iliyomo, akiwa mzima wa afya, ni kama gramu tano hivi: kijiko kimoja cha chai.

Kanuni ya mwanga unaopungua

Msingi wa kazi hii uliwekwa zamani. Mwaka 1729 Mfaransa Pierre Bouguer alieleza kwamba mwanga unapopita katika kitu kiangavu, kila tabaka lenye unene ule ule hupunguza sehemu ile ile ya mwanga uliolifikia. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert aliliandika wazo hilo kihisabati. Na mwaka 1852 Mjerumani August Beer, akichunguza myeyusho yenye rangi, alionyesha kwamba kuongeza ukolezi wa rangi hupunguza mwanga kama vile kuongeza unene wa tabaka.

Mfano wake uko jikoni. Chai ya rangi ikimiminwa katika glasi nyembamba, mwanga wa dirisha hupenya. Ikiongezwa majani, au ikimiminwa katika glasi pana zaidi, mwanga hufifia. Glasi isipobadilika, kufifia kwa mwanga hutuambia jinsi chai ilivyokolea.

Chombo kinachopima kufifia huko huitwa spektrofotometa. Ndani yake mna taa, sehemu inayochuja mwanga hadi ubaki wa rangi moja, kijichupa cha mraba kiitwacho kyuveti chenye upana wa ndani wa sentimita moja, na kihisi upande wa pili. Matokeo hutolewa kwa kipimo kiitwacho ufyonzaji. Ufyonzaji ukiwa 0, mwanga wote umepita. Ukiwa 1, imepita sehemu moja tu katika kumi, na ukiwa 2, sehemu moja katika mia. Ubora wa kipimo hiki ni kwamba ukolezi ukiongezeka maradufu, nao ufyonzaji huongezeka maradufu, mradi myeyusho haujakolea kupita kiasi.

Kuitia rangi isiyokuwa nayo

Hapa mwanafunzi hukutana na kikwazo cha kwanza. Glukosi iliyoyeyushwa katika maji haina rangi. Mwanga tunaouona kwa macho hupita ndani yake kana kwamba ni maji matupu. Ukiiweka katika spektrofotometa jinsi ilivyo, mashine haitaona kitu.

Suluhisho ni kuifanya sukari izalishe rangi, na kuhakikisha kwamba kiasi cha rangi kinalingana na kiasi cha sukari. Njia inayotumika sana, iliyoelezwa na Trinder mwaka 1969, hutegemea vimeng'enya viwili. Cha kwanza, glukosi oksidesi, ambacho kwa kawaida hupatikana kutoka kwa kuvu aina ya Aspergillus niger, huiunganisha glukosi na oksijeni, na hapo huzalika haidrojeni peroksaidi. Cha pili, peroksidesi, ambacho hutolewa katika mzizi wa mmea wenye ukali kama haradali, huitumia peroksaidi hiyo kuunganisha kemikali mbili zisizo na rangi, na zao lake ni rangi nyekundu ya waridi. Kila molekuli ya glukosi huacha alama yake katika wekundu huo.

Myeyusho mwekundu huonekana mwekundu kwa sababu hupitisha wekundu na kufyonza rangi za kijani na buluu. Kwa hiyo mashine hutegwa kwenye mwanga wa buluu-kijani, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 505, mahali ambapo rangi hiyo hufyonza kwa nguvu zaidi. Hospitali nyingi hutumia njia nyingine ya vimeng'enya, ambayo zao lake hufyonza mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 340, ila kanuni ni ile ile.

Umuhimu wa kimeng'enya cha kwanza ni uteuzi wake. Damu ina mamia ya vitu, na zipo sukari nyingine zinazofanana mno na glukosi. Kimeng'enya hiki huichagua glukosi na kuziacha nyingine karibu zote. Mashine huona rangi. Anayeitambua glukosi ni kimeng'enya.

Mstari unaofasiri rangi kuwa namba

Mwanafunzi hawezi kusoma ufyonzaji na kutangaza kiasi cha sukari papo hapo. Kwanza hutengeneza myeyusho sanifu, yaani ile ambayo kiasi chake cha glukosi anakijua. Gramu 1.80 za glukosi zikiyeyushwa hadi kufika lita moja hutoa milimoli 10 kwa lita. Kutokana na myeyusho huo na mwingine uliokolea zaidi hupata mfululizo wa viwango.

Tuchukue mfano. Katika kila mrija hutiwa mililita moja ya kitendanishi na mikrolita 10 za sampuli, kisha mirija huachwa katika joto la nyuzi 37 kwa dakika kumi hivi. Mrija mmoja hupewa maji badala ya sukari, nao hutumika kuiweka mashine kwenye sifuri. Tuseme myeyusho wa milimoli 5 umeonyesha ufyonzaji wa 0.20, wa milimoli 10 umeonyesha 0.40, na wa milimoli 15 umeonyesha 0.60. Nukta hizo zikichorwa kwenye grafu, mstari ulionyooka hupita katikati yake. Sampuli isiyojulikana ikisoma 0.28, mwanafunzi hufuata mstari na kupata milimoli 7.0 kwa lita.

Sampuli ikisoma juu kuliko kiwango cha mwisho cha mstari, haifai kukisia kwa kuurefusha. Huzimuliwa kwa maji, hupimwa upya, kisha jibu huzidishwa kwa kiasi cha uzimuaji.

Kosa dogo, uamuzi mkubwa

Katika mfano huu, 0.28 imetupa milimoli 7.0, ambayo ni mpaka wa kisukari. Lau ingalisoma 0.26, jibu lingekuwa milimoli 6.5, chini ya mpaka. Tofauti ya namba hizo mbili za mashine ni mwanga uliopita kutoka asilimia 52 na nusu hadi asilimia 55. Alama ya kidole kwenye ukuta wa kyuveti, au kiputo cha hewa, vyaweza kuleta tofauti ya namna hiyo. Ndiyo maana mwalimu husisitiza kyuveti ishikwe pande zenye ukwaruzo na ifutwe kabla ya kuwekwa.

Pipeti nayo ina neno lake. Mtu akivuta mikrolita 11 badala ya 10, sukari ya milimoli 5 itasomeka karibu 5.5. Glukosi ya unga pia ina siri yake: ikiyeyushwa huwa na maumbo mawili yanayogeukiana polepole, na kimeng'enya hushughulikia umbo moja tu. Kwa sababu hiyo, myeyusho sanifu uliotengenezwa papo hapo waweza kusoma chini kuliko inavyostahili, na ni desturi kuuacha utulie kwa saa kadhaa. Vitamini C nyingi katika sampuli nayo hula peroksaidi kabla haijazalisha rangi, na jibu hushuka.

Kosa lenye uzito zaidi hutokea hata kabla ya maabara. Chembe za damu huendelea kula glukosi ndani ya chupa. Katika joto la chumbani, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa iwapo chembe hazijatenganishwa. Mtu mwenye milimoli 7.4, damu yake ikikaa saa mbili juu ya meza, anaweza kupewa jibu la takriban milimoli 6.5 na kuambiwa arudi nyumbani. Kuwahi kutenganisha plazma, au kuiweka damu kwenye barafu, hupunguza upotevu huo.

Kwa nini saa ya mkononi haiwezi?

Sasa tulinganishe. Maabarani, sukari imetolewa mwilini, imechaguliwa na kimeng'enya, imetiwa rangi kali, imewekwa kwenye chupa yenye upana unaojulikana na kulinganishwa na viwango sanifu. Saa inayomulika ngozi haina hata kimoja katika hivyo.

Glukosi hufyonza mwanga wa infraredi, ila maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili, hufyonza mwanga huo kwa nguvu zaidi, na mafuta na protini nazo huingilia. Unene wa ngozi, jasho, joto na msukumo wa damu hubadilika kila dakika, na njia ya mwanga haina urefu maalumu. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hufaulu kwa sababu himoglobini ina rangi yake kali. Hata hicho, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa mara nyingi zaidi hukosea kwa wagonjwa Weusi, kikionyesha oksijeni ya kutosha ilhali imeshuka.

Watafiti hawajakata tamaa, na huenda siku moja wakapata njia. Kwa leo ni vyema kutofautisha vitu viwili. Vipo vihisi vilivyoidhinishwa ambavyo huchomekwa chini ya ngozi na kutuma vipimo kwenye simu au saa. Hapo saa ni kioo cha kuonyeshea tu. Saa inayodai kupima yenyewe, bila kihisi wala tone la damu, ndiyo iliyotahadharishwa.

Mgonjwa aulize nini?

Vipimo vingi vya nyumbani vya tone la damu hutumia pia kimeng'enya, ingawa badala ya rangi hupima umeme mdogo unaozalishwa. Vijiti vyake vikipitwa na wakati au vikiachwa wazi kwenye unyevu na joto, kimeng'enya huharibika na namba hupotoka. Tazama tarehe iliyo kwenye kikopo, na ukifunike mara tu baada ya kutoa kijiti.

Unapopewa majibu, uliza kama ni milimoli kwa lita au miligramu kwa desilita, kwani namba moja huzidiwa na nyingine mara 18. Mweleze mhudumu saa uliyokula mara ya mwisho. Na iwapo huna dalili zozote lakini kipimo kimefika kiwango cha kisukari, WHO inashauri kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuthibitisha ugonjwa. Usibadilishe dozi ya insulini kwa kutegemea saa. Pima kwanza kwa tone la damu.