Povu juu ya bwawa si uchafu



Mvua za kwanza zikianza, kwenye matawi yaliyoinama juu ya bwawa munaweza kuona povu nyeupe, kubwa sawa ngumi ao kupita. Mtu anafikiri ni mate ya nyoka. Watoto wanaiangusha kwa fimbo, na sisi tukisafisha bwawa tunakata tawi na kulichoma pamoja na majani. Miye pia nilifanya vile miaka mingi.

Kumbe ni kiota cha chura. Katika misitu ya Kongo anaishi chura wa miti ambaye wataalamu wanamwita Chiromantis rufescens. Ndugu yake, Chiromantis xerampelina, iko kwenye savana, kusini na mashariki mwa Afrika. Hawa hawatagi ndani ya maji. Usiku jike anapanda tawi, dume mgongoni, anatoa majimaji ya kunata na kuyapiga kwa miguu ya nyuma, sawa vile mama anapiga mayai ya omeleti, mpaka yanavimba povu. Mayai yanawekwa mule ndani. Kwa yule wa savana yanaweza kupita 500. Kazi hiyo inamaliza maji mwilini mwake. Basi anashuka bwawani kujaza maji kwa ngozi (chura hanywi kwa kinywa), kisha anapanda tena kuendelea.

Jua likitoka, upande wa nje wa povu unakauka na kuwa mgumu sawa ganda la mkate. Akili yote iko hapo. Ganda linazuia maji ya ndani yasitoke, na hewa iliyofungwa ndani ya povu inachelewesha joto kuingia. Nje kunawaka, ndani mayai yanabaki na unyevu. Tena samaki hawayafikii.

Kisha siku 5 hivi, ao karibu juma, povu inalainika chini na viluwiluwi wanadondoka majini. Wakikosa maji chini yao, wote wanakufa. Juu ya hiyo, mukiona povu musikate tawi mpaka imalizike, na kama mulipanga kukausha bwawa, chagueni wakati mwingine. Tawi likilazimika kukatwa, likateni pamoja na povu, mulifunge kwenye mti uliosimikwa ndani ya bwawa, povu ikae juu ya maji bila kuloana.

Faida gani? Chura mkubwa anakula panzi na nondo usiku, bila mshahara. Viluwiluwi wengi wataliwa na samaki wenu, na hiyo si hasara. Dawa ya wadudu isinyunyizwe karibu na bwawa, maana ngozi ya chura inapitisha sumu upesi.

Kwetu mwaka huu tuliacha mti mmoja ulioinama. Asubuhi watoto wanakuja kuhesabu povu.