Kinundu kwenye ulimi: si lazima iwe saratani

Tuseme mtu wa Mikumi ameota kinundu kwenye ulimi. Hakiumi, kinakua polepole. Wazo linalomjia ni moja tu: saratani. Inawezekana, ila kuna kingine ambacho wengi hatujawahi kukisikia: shwanoma.

Neva ni kama kamba ya katani, ile inayolimwa Kimamba, Kilosa: nyuzi nyingi ndani ya kamba moja. Nyuzi hizo zimezungukwa na seli za Schwann, mfano wa plastiki kwenye waya wa umeme. Jina ni la Theodor Schwann, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1839. Seli hizi zikizaliana kupita kiasi ndipo shwanoma inatokea. Hupatikana zaidi kichwani na shingoni, hasa kwenye neva ya sikio. Kwenye ulimi ni nadra.

Habari njema ni kwamba uvimbe huu unaota pembeni ya kamba, ndani ya ganda lake, na kuzisukuma nyuzi kando. Ndiyo maana mara nyingi daktari anaweza kuutoa bila kuikata neva. Ukitoka wote, ni nadra kurudi.

Shida ni kwamba kwa macho huwezi kuutambua. Hadubini ndiyo inayoonyesha seli nyembamba, viini vyake vimejipanga kwa safu. Kwa hiyo nyama iliyokatwa isitupwe, hata kama maabara iko mbali. Ukifanyiwa upasuaji, uliza: kipande kimepelekwa wapi, na majibu lini?